Fundi Ajibu: Biti ya Kutobolea Bodi ya Saketi

SWALI: Ndugu mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa redio na vifaa vya sola hapa Langoni, Lamu. Wavuvi huniletea vidhibiti chaji ambavyo viunganishi vyake vya skrubu vimeliwa na chumvi, nami hupenda kuviondoa na kuweka vikubwa zaidi, ila miguu yake haiingii katika matundu ya bodi. Nilinunua kisanduku cha biti ndogo zenye pete za plastiki za rangi, na karibu zote zimenivunjikia kwenye drili ya kushika mkononi. Mwenzangu akanishauri nitumie biti za chuma za kawaida, nazo zikawa butu upesi. Je, nichague ipi, na ya ukubwa gani? Tena, pana mahali ninapotaka kukata njia ya shaba isifike upande wa pili wa bodi: nitumie biti hiyo hiyo?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, fundi. Biti zako za pete za rangi ni za kabaidi ya tungsteni, na hazikuwa mbovu. Kabaidi ni ngumu mno, kwa hiyo hustahimili nyuzi za kioo zilizomo ndani ya bodi za kijani, lakini haipindi hata kidogo. Mkono ukiyumba, au taya za drili zikiwa zimelegea, biti ya milimita 0.8 hukatika papo hapo. Biti hizo zimekusudiwa mashine iliyofungwa imara kwenye stendi, inayoshuka wima na kuzunguka kwa kasi kubwa, mizunguko 20,000 kwa dakika na zaidi, ilhali drili ya kawaida ya nyumbani huishia karibu 3,000. Ndiyo maana nasema uchaguzi uanzie kwenye kifaa kitakachoishika biti, kisha ndipo utazame biti yenyewe. Ikiwa una stendi, nunua kabaidi. Ikiwa huna, tumia biti za chuma katika kishikio kidogo kinachozungushwa kwa vidole, na ukubali kwamba zitakuwa butu, kwa sababu chuma hakiwezi kushindana na kioo. Kwa kazi ya kupanua matundu manne au sita ya kiunganishi, biti ya chuma iliyo kali inatosha, na bei yake haiumizi. Kwa kuwa hewa ya Lamu haikisamehe chuma, zipake mafuta na uzifungie katika kopo lisiloingiza hewa.

Kuhusu ukubwa, usikisie kwa macho. Pima mguu kwa kalipa, kisha ongeza milimita 0.2 hadi 0.3 ili mguu uingie bila kulazimishwa na lehemu ipate nafasi ya kupita. Mguu wa mviringo wa milimita 1.0 utataka tundu la 1.2 au 1.3. Mguu wa mraba hupimwa kona kwa kona: pini za kawaida zenye ubavu wa milimita 0.64 zina takriban 0.9 kwa mshazari, na anayepima ubavu peke yake hutoboa tundu ambalo pini haiingii. Halafu tazama mduara wa shaba unaolizunguka tundu. Ikiwa mduara una upana wa milimita 1.8 nawe ukatoboa 1.3, kila upande utabakiwa na shaba ya milimita 0.25, nayo ni kidogo kwa kiunganishi kitakachokazwa skrubu mara kwa mara. Hapo ni heri uupunguze mguu kwa tupa, ikiwa umeme unaopita si mwingi, au ulehemu waya mnene kutoka kwenye njia ya shaba hadi kwenye kiunganishi kilichofungwa pembeni.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba bodi yenye shaba pande zote mbili huwa na ukuta mwembamba wa shaba ndani ya tundu, unaounganisha juu na chini. Ukipanua tundu, ukuta huo huondoka pamoja na vumbi. Kwa hiyo baada ya kuingiza mguu, lehemu pande zote mbili. Na ikiwa mwili wa kiunganishi unaifunika shaba ya juu, pitisha uzi wa waya kando ya mguu na uulehemu juu kwanza. Bodi yenye tabaka za shaba za ndani usiipanue matundu hata kidogo, kwani biti inaweza kukata au kugusanisha njia usizoziona.

Kabla ya kutoboa, ondoa betri na paneli, nyonya lehemu yote ya zamani ili isiipotoshe biti, na uweke kipande cha ubao chini ya bodi. Vaa barakoa. Vumbi la kioo halipulizwi kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kibichi.

Sasa njia ya shaba. Ikiwa ni mstari ulionyooka, kisu kikali ni bora kuliko biti yoyote: kata mahali pawili karibu karibu, pasha moto kipande cha katikati, kitanyanyuka. Lakini kwa kuwa wewe wataka kuutenga upande mmoja na mwingine penye tundu dogo la kuunganishia, chukua biti pana kuliko mduara wa shaba, iweke juu ya tundu, na uizungushe kwa vidole bila kutoboa. Shaba ya kawaida ina unene wa milimita 0.035 tu, kwa hiyo mizunguko michache huikwangua yote zikaonekana nyuzi za kioo tupu. Thibitisha kwa multimita kwamba njia zimeachana, na kwamba vumbi la shaba halikuigusisha njia ya jirani.

SWALI: Je, bodi za kahawia za redio za zamani nazo zinahitaji kabaidi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Hizo ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi ngumu, na biti ya chuma huzitoboa kwa urahisi. Tatizo lake ni kubanduka, kwa hiyo toboa kuanzia upande wenye shaba, kwa sababu biti ikitokea upande huo huisukuma shaba na kuing'oa.