Altaneta ya Hilux ya zamani: usitazame ampea peke yake

Ndugu yangu unayetaka kubadilisha altaneta (mashine inayochaji betri) ya Hilux yako, kabla hujanunua ile ya ampea 80 badala ya ya 55 uliyonayo, mwambie fundi umeme apime betri injini ikinguruma. Mita ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.4, altaneta yako inachaji, shida iko kwingine. Hapa Tanga chumvi ya bahari inakula vichwa vya nyaya, hasa waya wa ardhi (ule unaounganisha betri na bodi). Ukiukuta na unga wa kijani, usafishe kwanza halafu pima tena.

Kama altaneta imekufa kweli, igeuze utazame mgongoni. Hilux nyingi za dizeli za injini aina ya 3L zina pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa) hapo nyuma, na hiyo ndiyo inayofanya pedali ya breki iwe laini kukanyaga. Ukifungiwa altaneta isiyo na pampu, taa zitawaka vizuri lakini pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Tafadhali, hilo usimwachie muuzaji akuamulie. Nenda dukani Ngamiani na ile mbovu mkononi, mlinganishe pampu, puli, matundu ya bolti na soketi.

Ampea 80 si mbaya, ila waya wa kwenda kwenye betri lazima uwe mnene zaidi. Taa mbili za mbele za wati 55 zinakula kama ampea 9 tu, kwa hiyo bila friji wala muziki mkubwa, 55 inakutosha. Mimi ningeanza kwa kubadilisha kaboni (brashi za ndani) na beringi za altaneta hiyohiyo uliyonayo, koili zikiwa hazijaungua.