Kabla Hujanunua Boti ya Mfereji, Ijue Sili

Msomaji mmoja aliyeko Birmingham ameniandikia: kodi ya nyumba imemshinda, ameona boti nyembamba ya mfereji inauzwa, je, anunue? Najua hayuko peke yake. Nani kati yetu huku Uingereza hajaitamani? Nunua, ndugu yangu, ila lugha yake uijue kwanza, hasa sili, kizingiti kinachojificha majini.

Mimi mtoto wa pwani. Omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake), kana (mkono wa usukani), ngama (chini kabisa ndani ya chombo), hayo nimekua nayo. Dalali aliyeniuzia boti hakulijua hilo. Kila nikiuliza jambo alimtazama mwenzake, wakacheka. Mpaka leo linanikera.

Akaniambia "hii ni ya 57" bila maelezo. Ni futi. Boti ya urefu huo hupita karibu kila mfereji. Zile za futi 70 hukwama kwenye loki, yaani vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti, zilizo fupi huko kaskazini. Upana haufiki futi 7, kwa kuwa loki nyembamba za karne ya 18 ndivyo zilivyojengwa.

Loki ina milango mbele na nyuma. Windilasi ni mkono wa chuma wa kuzungushia gia, nazo gia hufungua padoli, yaani vilango vinavyopitisha maji. Usiiache windilasi kwenye gia ukaenda zako. Meno yakiachia, inazunguka kwa kasi na kuvunja mfupa wa mtu.

Sasa sili. Hapa tulia. Chini ya mlango wa juu wa loki kuna kizingiti cha mawe au zege, ndicho sili. Loki ikijaa hukioni. Unaposhuka maji yanapungua, kizingiti kinabaki palepale. Tezi ikikikalia, omo inaendelea kushuka, boti inainama na maji yanaingia. Boti zimezama hivyo. Kando ya loki kuna mstari mweupe: tezi ikae mbele yake muda wote, na mwenzako asiondoke kwenye padoli. Boti ikikwama, funga padoli za chini mara moja, kisha ingiza maji ya juu polepole.

Hayo ndiyo yaliyonishusha Tardebigge, loki 30 mfululizo, mke wangu kwenye windilasi na mimi kwenye kana, bila mkwaruzo. Watazamaji walijaa ukingoni. Watu wa boti huwaita gongozola. Siku ile walipata cha kutazama!

Paundi si pesa, ni kipande cha mfereji kati ya loki mbili. Mtu akisahau padoli wazi, paundi inakauka na wenzake wanaamkia kwenye matope. Ukipita, funga. Ndugu zangu, tuna tabia ya kudhani nyuma yetu hakuna mtu. Yupo, na ana watoto ndani ya boti. Funga, kisha rudi uhakikishe umefunga.

Na wewe unayekimbia kodi: usipokuwa na maegesho ya kudumu, sheria ya njia za maji ya 1995 hairuhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Lazima usogee, iwe mvua au baridi. Maegesho ya kudumu nayo yanalipiwa. Kama watoto wako shuleni, pigia hesabu hilo kabla ya rangi ya boti. Wangu walishakua.