Metali haiozi: maswali yenu kuhusu udongo na maji ya Lubumbashi

Ninalima lengalenga mtaani Penga Penga. Dohani ya kiwanda cha shaba haitoi tena moshi kama zamani. Mbona udongo bado unakataa?

Mama, moshi umepungua, lakini ulichokibeba kilishuka kikabaki. Shaba iliyeyushwa hapa kuanzia 1911, na upepo wa kusini-mashariki ukasukuma upande wenu vumbi lenye shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki. Metali haiozi. Hung'ang'ania udongo wa juu, palepale mboga zinapootea. Pamoja nayo ilikuja gesi ya salfa, ikageuka asidi, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi: udongo ukichachuka, shaba na kadimi huachana na chembe za udongo, zikaingia kwenye maji yanayonyonywa na mizizi. Chokaa na samadi huzishika tena; watafiti wa chuo kikuu chetu walivitumia hapo Penga Penga ili nyasi zifunike udongo mtupu. Ila aseniki huenda kinyume, chokaa ikizidi hulegea. Kwa mboga za kuliwa, nakusihi uinue tuta kwa udongo ulioletwa kutoka mbali.

Tukichemsha maji ya kisima, metali zinakufa?

Hapana. Wanaokufa ni vijidudu. Maji yakipungua sufuriani, metali iliyobaki inakuwa nyingi zaidi katika kila kikombe.

Maji ya mto Lubumbashi siku nyingine ni maangavu. Samaki wake wana ubaya gani?

Sehemu kubwa ya metali husafiri ikiwa imeshikamana na tope laini, kisha hutulia chini. Mvua kubwa hulikoroga tope hilo na kulisukuma hadi mto Kafubu, na kutoka huko hadi mto Luapula. Samaki anayetafuta chakula topeni hulimeza hata siku maji yakiwa safi machoni.

Wanangu hawali mboga za hapa. Wako salama?

Bado hawako salama, papa. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga: metali ya kobalti ilikuwa juu sana, hasa kwa watoto. Mtoto hucheza chini, kisha hutia mkono mdomoni. Na kwa risasi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu, waoshe mikono kabla ya kula. Anayerudi kutoka machimboni avue nguo za kazi nje, na zifuliwe mbali na za watoto.