Nimekuwa Msimamizi wa Wakaguzi, Nianzie Wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimekuwa mkaguzi wa majengo kwa miaka mingi katika kitengo cha kusimamia sheria ndogo. Sasa nimepandishwa cheo kuwa msimamizi. Juu yangu yupo mkuu wa kitengo, chini yangu wenzangu wa jana. Kila siku natamani nitoke nikakague mwenyewe. Kazi yangu hasa ni ipi? – Msimamizi Mpya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi yako sasa imo majaladani. Mkaguzi huona kasoro na kuiandika. Wewe unapima kama alichoandika kinatosha kuchukuliwa hatua. Mkuu wa kitengo ndiye anayeamua shauri lipi lisonge mbele, na lawama ni zake. Ukikagua kila kitu mwenyewe, nani atakusahihisha wewe?

Nilipokalia kiti hicho, nilirudisha kila jalada lililoandikwa "hali hairidhishi". Hairidhishi vipi? Niandikie kwamba mlango wa dharura umetiwa kufuli, mwenye ufunguo hakupatikana, ilikuwa saa nne asubuhi, na picha hizi hapa. Notisi nayo itaje kifungu kilichovunjwa, kasoro yenyewe, muda wa kurekebisha na mahali pa kukata rufaa. Ikikosa kimojawapo, wakili wa upande wa pili ataipangua, na ule mlango utabaki na kufuli lake. Hilo huniuma sana, kwa sababu moto ukiwaka, watakaonasa ndani hawakuwa na habari ya notisi wala rufaa.

Wenzako wa jana wabadilishie maeneo kila baada ya muda, na uwaeleze sababu wasione ni adhabu. Mkaguzi akizoeleka mno mahali pamoja, hata asipopokea rushwa, jicho lake hulegea. Mwenye undugu na mkaguliwa aseme mapema, umpange mwingine.

Kigumu kuliko vyote ni simu. Mwenye cheo atapiga akuombe "umsaidie" fulani. Msikilize kwa heshima, kisha andika jaladani nani kapiga, lini, na anataka nini. Mkuu wako ajue siku hiyohiyo. Na kama mwombaji ni mkuu wako mwenyewe? Mwombe akuandikie agizo hilo na kulitia saini. Nimeona wengi wakiliacha jambo papo hapo.

Nje nenda, lakini ufuatane na mkaguzi, na umwachie yeye aulize na aandike. Alichokiruka mwambie mkiwa wawili, si mbele ya mwenye jengo.