Miguu ya keria za zamani: pima kabla hujatangaza

Ndugu mmoja aliyeko Marekani ameniandikia akiwa amevunjika moyo. Alinunua sanduku la vyuma vya keria za zamani, yaani fremu za kubebea mizigo juu ya paa la gari, akavisugua mpaka vikang'aa, akavitangaza eBay, soko la mtandaoni, kuwa ni vya trela ndogo za kambi. Wanunuzi wawili wamemrudishia. Anauliza kama bei ilikuwa kubwa mno.

Bei haina kosa, ndugu yangu. Nimezipitia picha zako zote, ni safi, lakini hakuna hata moja inayoonyesha mdomo wa kibano, ile sehemu ya mguu wa keria inayouma ukingo wa paa, na hapo ndipo mnunuzi anapopatafuta kwanza.

Miguu mingi ya keria za zamani ilitengenezwa kubana mfereji wa mvua wa gari. Mfereji ule ni bati la bodi lenyewe, limekunjwa na kuchomelewa na paa, kwa hiyo una nguvu. Trela za zama hizo ni habari nyingine. Shasta, trela za Kimarekani, na wenzake wa fremu ya mbao wana ukanda wa alumini uliopigwa skrubu ukingoni mwa paa, chini yake kukiwa na mastiki ya kuzuia maji. Mtu akibana mguu wa gari pale na kupakia mtumbwi, skrubu zinalegea, maji yanapenya, na mbao inaoza ndani kwa ndani bila mwenyewe kujua. Boler, trela ya fiberglasi iliyoanzia Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, ni maganda mawili yaliyounganishwa kiunoni, na juu hakuna mfereji wa kubana. Trela za umbo la tone nazo mara nyingi zina paa la plaiwudi nyembamba lililolala juu ya mbao chache. Keria yake inatakiwa ishikwe na kuta au mbao hizo, maana plaiwudi peke yake haibebi.

Basi mnunuzi wa trela anahitaji vipimo vinne: upana wa mdomo ukiwa wazi, upana wake ukiwa umefungwa, kina chake, na kimo kutoka ukingo hadi kwenye bomba la juu linalobeba mzigo. Laza mguu ubavu, fungua kibano hadi mwisho, ingiza vernia, kile kipimo cha taya mbili, mdomoni, piga picha namba zikisomeka. Andika kwa milimita na kwa inchi. Taja na bomba linaloingia: keria za kampuni ya Yakima za zamani hutumia bomba la duara la inchi 1 na 1/8 kwa nje, yaani karibu milimita 28.6, na za kampuni ya Thule za zamani hutumia la pembe nne, takriban milimita 22 kwa 32. Ukichanganya hizo mbili, umeuza chuma chakavu.

Sasa hesi, yaani meno ya bolti na nati, na hapa naomba tutulie kidogo. Vyuma vya Marekani vya zamani vina bolti za inchi, vya Ulaya vina za milimita. Bolti ya M8, yaani ya milimita 8, ukiipeleka kwenye nati ya inchi 5/16 itaingia mizunguko kadhaa vizuri tu, kwa sababu unene unakaribiana sana: milimita 8 dhidi ya 7.94. Halafu inakaza. Anayeharakisha hudhani ni kutu, anachukua spana ndefu, anasukuma, na meno ya hesi yanasagika. Jicho haligundui mpaka paa litetemeke barabarani. Meno ya M8 ya kawaida yanapishana kwa milimita 1.25, ya 5/16 kwa milimita 1.41. Nunua kipima hesi, kile cha majani majani, bei yake ni ndogo. Bolti isiyoingia kwa vidole baada ya kusafishwa, iache, tafuta inayofanana.

Usafi una mipaka yake. Siki ya kawaida inaondoa kutu kwenye chuma kikilowekwa usiku mmoja, kisha kioshwe kwa maji yenye magadi, kikaushwe na kupakwa mafuta siku hiyohiyo. Alumini, zinki na kromu zisiguse siki. Bolti zenye rangi ya dhahabu iliyofifia huenda zimepakwa kadimiamu, metali ya kuzuia kutu, na vumbi lake ni sumu. Usizisage wala kuzipiga moto. Raba ya mguu iliyokuwa ngumu itupe, kata nyingine kwenye raba ya EPDM (aina inayostahimili jua na mvua) ya milimita 3, na utaje kwamba ni mpya.

Kagua kila mguu wa kumiminwa kwenye kalibu kwa tochi, hasa kuzunguka tundu la bolti. Ufa mwembamba kama unywele huanzia pale. Najua wapo wanaoupaka rangi nyeusi na kuuza. Jamani, tumwogope Mungu! Chuma hicho kitakaa juu ya familia iliyo barabarani, na nyuma yao kuna gari la familia nyingine. Mguu wenye ufa uvunje kabisa, uchomoe bolti na nati, uza hizo. Na usiandike kilo ambazo keria itabeba kama kibandiko cha kiwanda hakipo. Kikiwepo, kipige picha kilivyo.

Kufuli zisizo na ufunguo zisikutishe. Thule nyingi zina namba inayoanza na herufi N usoni mwa kufuli, na kwa namba hiyo ufunguo unaagizwa. Andika namba hiyo kwenye tangazo.

Kupanga bei, usitazame wanachoomba wenzako, chuja eBay ubaki na vilivyokwisha kuuzwa. Seti ya miguu minne inayofanana ndiyo yenye bei. Mitatu iuze mmojammoja, kuna mtu aliyepoteza wa nne. Mabomba yatenge na miguu. Posta ya Marekani huongeza ada kwa kifurushi kirefu, kwa hiyo bomba la inchi 48 linaweza kumeza faida yote. Wauzie wa karibu waje kulichukua. Miguu ifunge mmojammoja kwa karatasi nene, bolti kwenye mfuko wake uliofungwa kwa waya kwenye mguu wenyewe, maana bolti zikizurura ndani ya boksi hutoboa kona na kudondokea njiani.