Barua kwa Mwanangu: Viti 60 vya Vijana

Mwanza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako naye anaitikia marahaba, na anauliza kama wale dagaa walifika wakavu au basi liliwanyeshea tena njiani. Sisi ni wazima.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Ningekujibu kwa sauti vilevile, lakini mimi nikiongea nasahau nusu ya maneno, na nusu nyingine baba yako ananidakia. Acha niandike.

Umesema paroko amekuteua mlezi wa vijana hapo kwenu Dodoma. Mmetangaza mkutano Jumapili tatu mfululizo, siku yenyewe wakaja tisa, na kati ya hao tisa wanne walikuwa wanakwaya wanaosubiri mazoezi yaanze. Halafu ukaniuliza, "Mama, ninyi enzi zenu mlifanyaje hadi vijana wakaona kanisa ni lao?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Nani alikwambia tulifanya?

Unavikumbuka vile viti vya bluu vya plastiki vya kigangoni, lile kanisa letu dogo chini ya parokia? Ukija likizo kipindue kimoja. Chini utakuta neno VIJANA limeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono, na kwenye vingine rangi imechuruzika hadi herufi ya mwisho haisomeki. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Vijana wa wakati ule waliosha magari barabarani kila Jumamosi, wakauza maandazi nje ya kanisa baada ya misa, na kwa mwaka mzima wakanunua viti 60. Walitaka kuvikodisha kwenye misiba na harusi ili wapate nauli ya kwenda hija. Siku vilipoletwa kwa mkokoteni walivipanga uwanjani mistari sita, wakavikalia wote wakipiga makofi, hakuna hata shughuli.

Mimi nilikuwa mhazini wa kigango. Halmashauri ikakaa. Tukasema mali ya kanisa ni moja, tukasema viti vikizagaa vitaibiwa, tukavifungia stoo. Ufunguo nikakaa nao mimi. Atakayevihitaji aandike barua, ipite kwa mwenyekiti, ijadiliwe. Barua yao ya kwanza ilikuwa ya msiba wa mwenzao aliyefiwa na baba. Tulipoijibu, arobaini ilikuwa inakaribia.

Hakuna aliyegombana nasi, mwanangu. Wangegombana ningeshtuka mapema. Waliendelea kutuamkia vizuri tu tukikutana sokoni. Walichofanya ni kuacha kuja, mmoja mmoja, na mwisho wa mwaka kwenye taarifa ya kigango tukaandika kwamba vijana wamelegea kiimani. Mwandiko ni wangu. Daftari lipo kabatini mpaka leo.

Ndiyo maana ukiniambia mnapanga semina ili vijana "wajisikie sehemu ya kanisa" napata wasiwasi kidogo. Semina si mbaya. Lakini mtu hajisikii ni wa nyumbani kwa sababu amekaribishwa vizuri. Mgeni ndiye anayekaribishwa. Wa nyumbani anajulikana kwa kuwa asipoteka maji siku hiyo, watu hawaogi.

Kila tarehe 3 Juni tunasimuliwa moto wa Namugongo uliowaua mashahidi wa Uganda, na watoto wa Utoto Mtakatifu wanaigiza hadi wanalia. Lakini kuna miaka karibu mitatu ambayo mahubiri huwa yanairuka. Mmisionari Padre Lourdel na wenzake waliingia Buganda mwaka 1879 wakitokea huku kwetu kusini mwa Ziwa. Novemba 1882 hali ilikuwa mbaya, wakaondoka, wakarudi upande huu wa kusini hadi 1885. Huko nyuma hakukubaki padre wala misa. Walibaki waamini wachache ambao aliyetangulia kubatizwa kati yao hakuwa amefikisha miaka mitatu, wengi wao vijana watumishi wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mapadre waliporudi walikuta wale watu wameongezeka! Yosefu Mukasa alikuwa akiwafundisha wenzake humo humo ikuluni. Alipouawa Novemba 1885, nafasi yake akaishika Karoli Lwanga, ambaye mwenyewe alibatizwa mwezi huo huo. Na Mei 1886, walipoona hukumu inawajia, ni huyo Lwanga aliyewabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojifunza ili wabatizwe, Kizito akiwemo, mtoto wa miaka kama 14.

Hesabu mwenyewe. Miezi sita tangu abatizwe, naye anabatiza. Kwetu mtu wa miezi sita hatumpi hata kikapu cha sadaka.

Sisemi mapadre waondoke, paroko wako asije akaisoma barua hii vibaya.

Sasa nikupe kisa cha juzi juzi, maana cha viti nimekusimulia kama mkosaji na hiki nimejifunza kidogo. Parokiani kwetu vipaza sauti vilikuwa vinapiga mluzi hadi mahubiri hayasikiki. Tukamwita kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na stendi. Akafungua, akasafisha, akabadilisha waya mbili, ikatulia. Nikapendekeza akabidhiwe ufunguo wa kabati la mitambo, awe anakuja kufungua na kuwasha mwenyewe. Ungewaona wazee! Kijana mwenyewe komunyo hapokei, misa anakuja kwa msimu, anavaa kofia mpaka mlangoni. Mzee mmoja akaniuliza kama nimemchunguza. Nikamwambia nimechunguza zile waya, zimeshika.

Akaja. Misa ya kwanza inaanza saa 12, yeye saa 11 na nusu yupo, maana asipokuja hakuna sauti. Mwezi wa tatu alishaleta mwenzake wa kumsaidia kukunja nyaya.

Halafu Jumapili moja hakutokea. Simu imezimwa, kabati limefungwa, kanisa limejaa. Padre akahubiri kwa koo lake, wa nyuma wakawa wanaangalia ndege darini. Baada ya misa wazee wakanijia na uso ule unaoujua: ufunguo urudi. Nilikuwa karibu nikubali, sikufichi. Nikakumbuka viti. Nikasema tumuulize kwanza. Kumbe alikuwa amelala hospitali na mdogo wake, simu imeisha chaji. Kesho yake akaja mwenyewe nyumbani, kabla hatujamwita, akaomba ufunguo wa pili uchongwe akae nao yule mwenzake. Sisi wazee na vikao vyetu vyote hatukuwahi kufikiria ufunguo wa pili.

Hapo ndipo penye kazi yako, mwanangu, na wala si kwa vijana. Vijana utawapata. Kazi ni kukaa na halmashauri walei na kuwaomba wakubali kwamba kuna Jumapili moja au mbili mambo yataharibika. Kama hawawezi kuivumilia hiyo Jumapili, basi usiwadanganye watoto wa watu kwamba wanahitajiwa.

Kwaya iache, inajiendesha. Shida ya kwaya ni kwamba imemeza kila kitu: kijana asiyejua kuimba hana pa kushika. Mpira nao sawa, kundi la WhatsApp nalo sawa, hayo hayakuzuii wala hayakuokoi.

Jumuiya ndiyo uiangalie kwa makini. Umesema kwenu inasali Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi. Huo ni wakati wa nani? Wa mama kama mimi aliyestaafu. Wa bodaboda ndio wanakimbiza abiria, wa dukani ndio wanafagia. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi, lengo lilikuwa majirani wakutane, walisome Neno, wasaidiane. Hakuna aliyeagiza saa. Waulize vijana wenyewe ni jioni ya siku gani wako mtaani, mkasali siku hiyo.

Na michango. Hili sema nalo kwa upole lakini usiliache. Kijana hana ajira, anakaa kwa kaka yake. Anakuja jumuiya mara ya kwanza, wimbo, somo, tafakari ya dakika tano, halafu daftari linafunguliwa: mavuno, ujenzi, gari la paroko, na majina ya wasiomaliza yanasomwa mbele ya watu. Wiki inayofuata hatumwoni. Tutamwona akija kutafuta barua ya jumuiya ili afunge ndoa, nasi tutamwambia hatumtambui. Huyo hakuikimbia imani, alilikimbia daftari. Mpeni kazi iandikwe humo humo kama mchango, siku tatu za kuchanganya zege pale ujenzini zina bei yake.

Unasema wengine wameshahamia kwenye makanisa ya kiroho, na katekista anawasema vibaya kwenye matangazo. Mwombe aache. Mimi nilimuuliza binti wa jirani yetu aliyehama kitu gani alikikuta kule. Nilitegemea aniambie miujiza. Akasema, "Mama, Jumapili ya pili tu walinipa mlango wa kupokea watu." Kwetu alikaa miaka saba.

Na huyo binti amenikumbusha jambo. Kwenye sikukuu ya parokia yenu, angalia wasichana wako wapi. Kama ni kama kwetu, wako nyuma ya ukumbi wanachambua mchele wa pilau na kusugua masufuria, na wavulana wameshika kipaza sauti. Halafu kwenye uchaguzi mwenyekiti mvulana, katibu mvulana, mhazini msichana "kwa sababu wasichana ni waaminifu". Wewe ulisugua masufuria hayo miaka mingapi? Usiwarithishe.

Hao tisa waliokuja usiwaite "tisa tu". Wakae, waulize ni kitu gani hapo parokiani kinawakera kukiona kimeharibika. Usiwaulize wanapenda nini, watakujibu wanachodhani unataka kusikia. Kinachowakera watakitaja bila haya, choo, taa ya nje, watoto kukosa mwalimu wa komunyo ya kwanza. Chagua kimoja, nenda kwa paroko, rudi na ufunguo wake na fedha zake, hata kama ni elfu ishirini, na daftari waandike wao.

Mwenzio nimechokozeka na swali lako. Juzi nilikwenda stoo kuhesabu vile viti. Vimebaki 41, na kumi hivi vimepasuka miguu. Nikamwandikia mwenyekiti wa sasa kwamba napendekeza virudi mikononi mwa vijana, ufunguo pia, na mapato ya kukodisha yawe yao. Akanijibu vizuri sana, akanishukuru kwa mawazo, akasema itawekwa kwenye ajenda ya mwezi ujao.

Nimeiona ajenda. Wameiweka kwenye mengineyo.

Nitakaa hadi mwisho wa kikao. Ubaki salama, na uniambie hao dagaa.

Mama yako