"Hauna Dawa"

Mmeuliza wiki hii kama vyombo vya habari vinazima uvumi wakati wa mlipuko wa ugonjwa au vinauchochea. Mimi nina duka Bukoba, redio yangu huwaka tangu nafungua mpaka nafunga, basi nijibu kwa niliyoyasikia nikiwa nyuma ya kaunta.

Machi 2023, watu wa Bukoba Vijijini walipokuwa wakifa kwa homa, kutapika na kutokwa damu, tarehe 16 tulitangaziwa "ugonjwa usiojulikana". Jina likaja tarehe 21: Marburg, ugonjwa wa virusi. Siku hizo tano dukani kwangu ugonjwa ulipewa kila jina: sumu, kulogwa, laana ya ukoo. Kwa hilo silaumu redio. Maabara ina muda wake.

Kilichonikera kilikuja baada ya jina. Kila taarifa niliyoisikia iliishia hapohapo: ugonjwa huu hauna dawa wala chanjo. Ni kweli, dawa iliyoidhinishwa ya kuviua virusi vile haikuwepo. Ila ukimwambia mtu wa huku kitu "hauna dawa", umemwambia asijisumbue. Mama mmoja aliyefuata sukari nusu kilo akaniuliza, "Sasa mwanangu, kama hauna dawa, hospitali wanawapeleka wakawafanye nini?" Kesho yake kijana wa bodaboda akanihakikishia, kwa kiapo kabisa, kwamba wanaopelekwa kule wanachomwa sindano ya kuwamaliza. Hapo sioni mtu aliyekaa akatunga uongo. Swali la yule mama lilikosa jibu, mtaa ukalijibu.

Na jibu lilikuwepo. Hospitali humrudishia mgonjwa maji anayoyapoteza, humshusha homa, na anayewahi ana nafuu kuliko anayefichwa ndani. Mlipuko ule ulihesabiwa wagonjwa 9. 6 walifariki, 3 wakapona. Habari ya hao watatu niliisikia mara moja tu, imebanwa kabla ya michezo.

Januari 2025 ikawa zamu ya Biharamulo, wilaya nyingine ya mkoa wetu wa Kagera. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna washukiwa wa Marburg, tarehe 15 wizara ikasema vipimo havijaonyesha virusi, tarehe 20 Rais Samia akathibitisha akiwa Dodoma. Redio ilisoma kila tamko kana kwamba ndilo la mwisho. Mtangazaji angeongeza tu "uchunguzi unaendelea", nisingebishana na wateja wiki nzima.

Jioni ya tarehe 20 yule mama akaja tena. "Ndiyo ile isiyo na dawa?" Nikamwambia ndiyo yenyewe, lakini mwaka ule huku kwetu watatu walipona. Akaurudisha mfuko wa sukari juu ya kaunta, akaniuliza hayo nimeyasikia redio gani.